Muuza Sekunde

Simu inaniamsha saa kumi na moja na nusu.
Mlima Loleza bado umejifunika ukungu hadi kidevuni.
Natazama hali ya hewa:
simu inasema jua, dirisha linasema mvua.
Naamini dirisha. Nachukua koti.

Mimi nauza sekunde.
Thelathini kwa bei ya asubuhi, sitini kwa bei ya kubembelezana,
na taarifa ya habari ikikaribia
zinapanda kama nyanya zilizoadimika.
Hazishikiki, hazipimwi kwa debe,
ndiyo maana wenye maduka wa Mwanjelwa
hunitazama mikono kwanza, kisha uso.

Kikokotoo ndicho jamaa yangu wa kazi.
Hakina adabu, ila hakidanganyi:
asilimia kumi ya kisicholipwa
ni sifuri yenye mkia.
Kuna kinasa sauti. Humo yumo Tumwitike wa magodoro
akirudia jina la duka lake mara tisa;
ya tisa akacheka, na hiyo ndiyo tuliyorusha.
Kuna ramani, iliyoniambia "umefika"
katikati ya shamba la watu kule Ntokela,
ng'ombe mmoja akivishangaa viatu vyangu vya ofisini.
Kuna kundi la WhatsApp, Mauzo Nyanda za Juu,
ambamo Sanga wa Makambako huandika "Nimefunga!"
kabla watu hawajanywa chai,
na bosi humwekea makofi, moto, ngumi,
halafu kimya
kinachonitaja jina.

Na kuna ile inayohesabu hatua.
Sikuiomba, ilikuja na simu.
Jana jioni, Kabwe hadi Soweto hadi Mafiati na kurudi,
mkoba umejaa mikataba isiyo na sahihi,
ikatetemeka mfukoni: Hongera! Hatua elfu kumi na nne!
Nikasimama kando ya lami, nikacheka peke yangu.
Mwezi mzima huu,
hiyo ndiyo ya kwanza kunipongeza.

Mwaijande wa mbegu za viazi, pale Uyole,
alilipia wiki mbili kwa simu;
mlio wa ule muamala ulinipendeza kuliko kinanda cha kanisani.
Lakini leo kaniuliza, huku akishona mdomo wa gunia:
"Dada Atuganile, hivi kuna mtu anasikia?"
Nikafungua jedwali, nikamwonyesha nguzo za rangi,
wasikilizaji, wilaya kwa wilaya.
Akakata uzi kwa meno.
"Hizo ni rangi. Nionyeshe mtu mmoja."
Sikuwa naye.

Usiku nalinyamazisha kundi,
natia miguu kwenye beseni la maji ya moto,
nafungua drafti.
Mpinzani wangu simjui, anajiita Kifaru wa Isyonje.
Kwa kawaida mkono wake mwepesi kama cherehani.
Leo kanyamaza.
Dakika moja. Ya pili.
Nikaandika: Umelala?
Akajibu: Ngoja kidogo,
redio inasema mbegu za viazi zimeshuka Uyole,
natafuta kalamu.

Maji yakanipoa miguuni.
Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?
Kwamba sekunde hizo ni zangu,
nilizibeba Jumatatu kwenye matope mpaka mlangoni mwa mtu?
Nikapiga picha ya skrini kwa ajili ya Mwaijande,
kisha nikasogeza kete palipo wazi
ili ale mbili bure.

Akala. Akaandika: Umechoka leo, eh?
Kabla sijajibu simu ikatetemeka:
Bado hatua mia sita kutimiza lengo lako.
Nikaitazama miguu, imevimba, imetulia ndani ya beseni.
Kesho, nikaiambia.
Kesho, Uyole.